Mawasiliano kati ya Daktari na Mgonjwa: Mfano wa Nyanda za Chai za Kericho na Bomet

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Aghalabu methali hii hutumiwa kumlaumu mgonjwa aliyenyamaza mpaka ugonjwa ukamshinda. Hata hivyo, si kila maradhi yasiyotibiwa huwa yamefichwa. Yako maradhi ambayo mgonjwa ameyataja mbele ya daktari kwa kinywa chake mwenyewe, ila hayakusikika. Huenda aliyataja kwa lugha asiyoielewa msikilizaji, au kwa neno ambalo kwa msemaji lina maana hii na kwa msikilizaji lina maana ile. Katika hali kama hiyo lawama haiwezi kumwangukia mgonjwa peke yake.

Makala haya yanaeleza jinsi mawasiliano kati ya daktari na mgonjwa yanavyofanyika, yanavyokwama na yanavyoweza kurekebishwa katika nyanda za chai za Kericho na Bomet nchini Kenya. Eneo hili linafaa kwa uchunguzi wa aina hii kwa sababu mbili. Kwanza, ni mahali ambapo lugha nyingi hukutana. Pili, kuna ugonjwa mmoja, saratani ya umio, ambao umewasumbua sana wenyeji na ambao kutambuliwa kwake mapema hutegemea mno maneno ya mgonjwa mwenyewe. Isitoshe, mojawapo ya maelezo yanayotolewa kuhusu asili ya jina Kericho ni kwamba limetokana na neno la Kikipsigisi lenye maana ya dawa.

Wanaokutana katika chumba cha daktari

Chai ilianza kukuzwa kwa biashara kubwa Kericho katika miaka ya 1920. Makampuni ya Kiingereza yaliyofungua mashamba hayo yalihitaji wafanyakazi wengi kuliko waliopatikana jirani. Ndiyo sababu kambi za wafanyakazi zilikuja kukaliwa na Wakipsigisi, Wajaluo, Wakisii, Waluhya na watu wa jamii nyinginezo. Kiswahili kikawa lugha ya mnyapara, ya mizani, ya duka na ya zahanati. Nje ya mashamba hayo makubwa, katika vilima vya Litein, Kapkatet, Konoin na Bomet, wako wakulima wadogo wanaochuma chai yao wenyewe. Huko Kikipsigisi ndicho lugha ya nyumbani, na wazee wengi, hasa wanawake, hutumia Kiswahili kidogo tu.

Hospitali nazo zina historia yake. Hospitali ya Tenwek, karibu na mji wa Bomet, ilianza mwaka 1937 kama zahanati ndogo ya wamishonari wa Kimarekani. Daktari wa kwanza wa kudumu, Ernest Steury, alifika mwaka 1959. Kwa miaka mingi basi, daktari aliyefikiri kwa Kiingereza alimtibu mgonjwa aliyefikiri kwa Kikipsigisi, na baina yao akasimama muuguzi aliyezijua lugha zote mbili. Hali imebadilika kwa kiasi kikubwa, kwani madaktari wengi wa leo ni Wakenya. Lakini hata daktari Mkenya amesomea taaluma yake kwa Kiingereza. Daktari aliyezaliwa Machakos au Mombasa akiajiriwa Longisa au Kericho, hana budi kuitafsiri elimu yake papo kwa papo, kutoka Kiingereza hadi Kiswahili, mbele ya mgonjwa ambaye naye anayatafsiri maumivu yake kutoka Kikipsigisi hadi Kiswahili. Kwa hiyo Kiswahili huwa daraja linalovukwa na watu wawili, kila mmoja akitoka ng'ambo yake.

Ikumbukwe pia kuwa kwa raia wa kawaida neno daktari lina maana pana. Humtaja daktari aliyehitimu chuo kikuu, afisa wa kliniki, na wakati mwingine hata muuguzi wa zahanati. Makala haya yanalitumia neno hilo kwa mapana hayo, kwa kuwa ndivyo mgonjwa anavyolitumia.

Neno moja, maana mbili

Wanaisimujamii huizungumzia sajili ya hospitali kama vile ni lugha moja. Kwa hakika ni lugha mbili zinazokaa chumba kimoja: ile ya mtabibu na ile ya mgonjwa. Baadhi ya maneno yanayotumiwa na wote wawili huwa na maana tofauti.

Mathalani, neno homa. Kwa Wakenya wengi mtu mwenye homa ni yule mwenye mafua, anayepiga chafya na kutokwa na kamasi. Katika vitabu na katika Kiswahili cha Tanzania, homa ni kupanda kwa joto la mwili. Mgonjwa akisema ana homa, daktari anaweza kumwandikia dawa ya mafua ilhali ana malaria. Au akamwuliza kama ana homa, naye akakana kwa sababu hana kamasi. Nyanda za juu za Kericho zimewahi kukumbwa na milipuko ya malaria, na kinga ya miili ya wenyeji dhidi ya ugonjwa huo ni dhaifu kuliko ya watu wa maeneo ambako malaria iko mwaka mzima. Kosa dogo la neno huweza kumchelewesha mtu kupata dawa.

Mfano wa pili ni wa matokeo ya vipimo. Daktari aliyezoea Kiingereza husema kuwa matokeo ni "positive", au hutafsiri moja kwa moja akasema ni chanya. Katika mazungumzo ya kila siku jambo chanya ni jambo zuri. Mgonjwa anaweza kutoka akishukuru, asijue ameambiwa kwamba ana virusi. Kauli iliyo salama ni ile inayotaja kilichoonekana: "Tumepima damu, na tumeona ina virusi vya ukimwi."

Mfano wa tatu unahusu saa. Mwafrika Mashariki anayezungumza Kiswahili huanza kuhesabu saa za mchana baada ya jua kuchomoza, na za usiku baada ya kutua. Mgonjwa anayesubiri kupasuliwa huelezwa asile wala asinywe chochote kuanzia usiku wa manane. Iwapo kwenye karatasi yake pameandikwa tu "12", kwa mtindo wa Kiingereza, anaweza kuisoma kuwa saa kumi na mbili, yaani alfajiri. Atakunywa chai yake kabla ya kupambazuka kwa nia njema kabisa, na upasuaji utalazimika kuahirishwa. Daktari atasema mgonjwa ni mkaidi. Mgonjwa atasema daktari ni kigeugeu.

Hali kadhalika, maagizo ya dawa hujengwa juu ya maisha ambayo pengine siyo ya mgonjwa. Kwenye bahasha ya dawa huandikwa "1 x 3", na mfamasia huongeza kwa mdomo, "baada ya kula." Mchumaji chai huondoka nyumbani alfajiri akiwa amekunywa chai, hushinda shambani, na hula ugali jioni. Kwa kuwa ameambiwa baada ya kula, atameza dawa mara moja au mbili. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2003 kuwa hata katika nchi tajiri, wastani wa wagonjwa wa maradhi ya muda mrefu wanaofuata maagizo ya tiba ni takribani asilimia 50 tu. Si haki kudhani kuwa wote waliosalia ni wakaidi. Wengine hawakuambiwa kwa namna inayolingana na siku yao.

Hofu, heshima na kilo za majani

Kikwazo kingine hakihusu maana ya maneno bali kile kinachomzuia mtu asiseme. Katika mashamba makubwa mchumaji hulipwa kwa uzito wa majani aliyochuma. Siku anayokaa foleni hospitalini ni siku ambayo kikapu chake hakipimwi. Kwa hiyo huja akiwa na haraka, hutaja ugonjwa mmoja kati ya mitatu aliyo nayo, na huomba dawa ya kumrudisha kazini kesho yake.

Zaidi ya hayo, pale zahanati inapomilikiwa na mwajiri, mgonjwa hujiuliza swali ambalo halitamki: nani atayasoma maandishi haya? Je, mnyapara atajua? Je, atapewa kazi nyepesi yenye malipo kidogo, au atapunguzwa? Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wafanyakazi wa mashamba ya chai ya magharibi mwa Kenya ulionyesha kuwa wachumaji waliokuwa wakiugua kutokana na virusi vya ukimwi walikuwa wakichuma takribani kilo 4 hadi 8 pungufu kwa siku, katika mwaka mmoja na nusu kabla ya kufa au kustaafishwa kwa sababu ya ugonjwa. Ina maana kuwa mizani ya chai ilikuwa imeonyesha dalili za ugonjwa muda mrefu kabla ya mwisho. Daktari anayetaka kuujua mapema hana budi kumhakikishia mgonjwa, waziwazi na kabla ya maswali, kuwa yanayosemwa chumbani yatabaki chumbani. Kunyamaza kuhusu jambo hilo huchukuliwa na mgonjwa kuwa ni jibu.

Heshima nayo ina sehemu yake. Mzee aliyelelewa katika adabu za Kikipsigisi hatampinga mtu mwenye elimu hadharani, hata kama hakuelewa. Akiulizwa, "Umeelewa?" atajibu, "Ndiyo." Atashukuru kwa neno la kwao, kongoi, na kuondoka. Jibu hilo ni la adabu. Halithibitishi kwamba ameelewa. Upande wa pili, daktari kijana huona haya kumwuliza mama wa umri wa nyanya yake kuhusu mambo ya siri ya mwili. Wote wawili wanachunga adabu, na ugonjwa unasonga mbele.

Mkalimani asiyefunzwa

Lugha inapokosekana, huitwa yeyote aliye karibu: mtoto wa mgonjwa, jirani aliyekuja naye, mfagiaji wa wodi au mgonjwa mwingine wa foleni. Msaada huo hutolewa kwa moyo mwema, lakini una hatari zake. Mama anaweza kueleza kwa dakika tano jinsi ugonjwa ulivyoanza, na mkalimani akatoa sentensi moja: "Anasema tumbo linauma." Yaliyopotea katika ufupisho huo huenda ndiyo yaliyohitajika.

Tena kuna maneno ambayo mkalimani hawezi kuyatamka. Kijana wa kiume hawezi kumwuliza mama yake kuhusu hedhi yake au kuhusu maumivu anapokutana na mumewe. Atalibadilisha swali, au atajijibia mwenyewe. Vilevile, binti anayempenda baba yake hatakubali kuwa kinywa cha kumweleza kuwa ana saratani isiyoponyeka, atasema, "Daktari anasema utapona polepole." Huo si ukalimani bali ni kinga ya mapenzi, na daktari asiyejua lugha hatatambua kwamba ujumbe wake haukufika.

Saratani ya umio na suala la chai ya moto

Mfano unaokusanya matatizo yote yaliyotajwa ni saratani ya umio. Umio ni mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Mwaka 2002 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha taarifa kutoka Tenwek iliyoonyesha kwamba saratani hii ilikuwa ya kawaida katika Bomet, na kwamba iliwapata hata vijana, jambo ambalo si la kawaida kwingineko duniani.

Dalili yake kuu ni ugumu wa kumeza. Huanza na vyakula vikavu kama ugali na nyama, kisha vyakula laini, kisha uji, na mwisho hata maji na mate. Ugumu huo huja pole pole, na mtu hujirekebisha bila kufahamu. Huanza kuteremsha kila tonge kwa funda la chai. Kisha huacha nyama kwa kusema kuwa meno yamechoka. Kisha huhamia kwenye uji. Mazungumzo yafuatayo ni ya mfano tu, lakini yanaonyesha jinsi hatari inavyoweza kupita bila kuonekana:

"Shikamoo, mama. Una shida gani?"

"Marahaba, daktari. Ni koo."

"Koo linauma?"

"Haliumi sana."

"Unakula vizuri?"

"Ninakula."

Daktari ameandika kuwa mgonjwa ana tatizo la koo na kwamba anakula. Atampa dawa ya koo. Hakuna aliyesema uongo. Mama alisema koo kwa sababu umio ni neno la vitabuni ambalo wengi hawalijui, na koo ndilo neno lililo karibu. Alisema anakula kwa sababu kwa wiki kadhaa amekuwa akinywa uji, na uji ni chakula. Swali moja la ziada lingebadili mkondo mzima: "Jana ulikula nini, na kilipita vipi?" Na swali la pili, "Nionyeshe kwa kidole kinapokwama," lingemfanya aweke kidole kifuani wala si shingoni.

Mgonjwa akigunduliwa mapema, sehemu ya umio iliyoathirika huweza kuondolewa kwa upasuaji. Akichelewa, mara nyingi linalobaki ni kuwekewa kijirija cha waya kinachopanuka ndani ya umio ili aweze kumeza tena. Tenwek imewawekea wagonjwa wengi vijirija hivyo. Nafuu yake huonekana haraka: mtu aliyeshindwa kunywa maji hurudi kula. Hapo ndipo penye mtihani mwingine wa mawasiliano. Mgonjwa anayeweza kula hudhani amepona, na jamaa zake huweza kupanga mambo ya miaka mingi. Daktari hana budi kusema mambo mawili kwa pamoja: kuwa kijirija kitamwezesha kula, na kuwa hakiondoi saratani. Akisema la kwanza tu, ameidanganya familia. Akisema la pili tu, amewavunja moyo pasipo sababu.

Kuhusu chanzo, wataalamu hawajapata jibu moja. Tumbaku na pombe vinajulikana kuongeza hatari ya aina ya saratani ya umio inayopatikana sana Afrika Mashariki. Mwaka 2016 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, ulitangaza kuwa unywaji wa vinywaji vya moto sana, vyenye joto linalozidi nyuzi 65 za Selsiasi, huenda ukasababisha saratani ya umio. Kinacholaumiwa hapo ni joto wala si majani ya chai. Tofauti hiyo ni ndogo kwenye karatasi, lakini katika Kericho na Bomet ni kubwa mno. Daktari anayesema kwa haraka, "Acha chai moto," huweza kusikika kama aliyesema, "Chai inaleta saratani." Katika nchi ambako karo ya shule, bati la nyumba na mahari hutoka kwenye chai, kauli ya namna hiyo haiwezi kupokelewa. Msikilizaji ataikataa yote, pamoja na ukweli uliomo. Ushauri unaoweza kufuatwa ni huu: "Endelea kunywa chai yako, ila ukiimimina, iache ipoe kwa dakika chache kwanza."

Sheria inasemaje?

Jambo hili si la hisani ya daktari. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, njia za tiba zilizopo, manufaa yake, hatari zake na gharama zake, pamoja na haki yake ya kukataa. Aidha, inataka maelezo hayo yatolewe, kadiri iwezekanavyo, kwa lugha anayoielewa mgonjwa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Saini iliyowekwa chini ya karatasi ya Kiingereza na mtu asiyekijua Kiingereza haiwezi kuitwa ridhaa kwa maana halisi ya neno hilo.

Njia za kurekebisha

Kwanza, daktari ampe mgonjwa nafasi ya kumaliza. Watafiti wa Kimarekani Beckman na Frankel walionyesha mwaka 1984 kuwa, kwa wastani, madaktari waliowachunguza waliwakatiza wagonjwa baada ya sekunde 18 tu. Foleni za hospitali za Kenya ni ndefu, na si rahisi kumlaumu daktari mmoja anayesubiriwa na makumi ya watu. Lakini dakika moja ya kusikiliza mwanzoni mara nyingi huokoa ziara tatu za baadaye.

Pili, badala ya kuuliza, "Umeelewa?" daktari amwombe mgonjwa arudie maelezo kwa maneno yake: "Ukifika nyumbani, utamwelezaje mzee kuhusu dawa hizi?" Namna hii haimwaibishi mgonjwa, kwa sababu anayepimwa ni daktari, iwapo ameeleza vyema.

Tatu, ukalimani utambuliwe kuwa kazi. Wauguzi wanaojua Kikipsigisi, Kijaluo au Kikisii wapewe mafunzo mafupi ya kutafsiri kikamilifu na kutunza siri. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao serikali iliwakabidhi vifaa vya kazi kote nchini mwaka 2023, hutembea nyumba kwa nyumba na huzungumza lugha za wenyeji. Hao ndio wanaoweza kumgundua mama aliyeacha ugali akahamia uji.

Nne, wanafunzi wa Kiswahili wana kazi ya kufanya. Istilahi za tiba zipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi ya Tiba mwaka 2003, na tafsiri ya kitabu cha David Werner, Mahali Pasipo na Daktari, imewafaa wengi. Baadhi ya istilahi zimefaulu kwa sababu zinachora picha: magonjwa nyemelezi, kwa mfano, humwonyesha msikilizaji adui anayesubiri mlinzi alale. Nyingine, kama umio, bado hazijatoka vitabuni. Istilahi isiyoeleweka na mchumaji chai wa Kericho haijamaliza safari yake, na anayeweza kuifikisha ni mtu aliyeijua sarufi na pia aliyeketi kwenye benchi la wagonjwa akasikiliza jinsi watu wanavyoyataja maumivu yao.

Hitimisho

Imedhihirika kuwa mawasiliano ni sehemu ya tiba yenyewe, sawa na dawa na vipimo. Daktari wa nyanda za chai anahitaji kujua kuwa koo laweza kuwa umio, kuwa kula kwaweza kuwa kunywa uji, na kuwa "ndiyo" yaweza kuwa adabu tu. Mgonjwa naye anahitaji kujua kuwa kuuliza si ujinga, na kuwa sheria iko upande wake anaposema, "Daktari, hapo sikuelewa, niambie tena." Mama aliyetajwa katika mfano hapo juu alifika hospitalini, akasubiri zamu yake, akasema kweli. Kilichobaki ni kuulizwa jana alikula nini.